Toyota Crown imeshushwa, sasa ivae rimu namba ngapi?

Swali ninaloulizwa kila mara pale gereji ni hili: "Fundi, inchi 20 zinaingia?" Zinaingia. Hata 21 zitaingia kama uko tayari kukata madigadi. Mimi huuliza kwanza jambo jingine: gari likiwa na watu wanne ndani, likapanda tuta kwa upande, tairi linabakiwa na nafasi gani? Nikishapata jibu la hapo ndiyo naanza kuzungumzia inchi.

Nitatumia Crown Athlete ya GRS200, ile iliyotengenezwa 2008 hadi 2012, maana Dar zimejaa. Ilitoka kiwandani na tairi 225/45R18, yaani upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 18.

Maliza kushusha kabla hujanunua rimu. Funga springi fupi au koilova (springi na shokapu za kurekebisha urefu) zako, endesha siku kadhaa springi zikae, kisha piga alaimenti. Sababu ni kwamba Crown mbele ina wishiboni mbili, mikono ya juu na chini inayoshika tairi, na gari likishuka zile wishiboni huvuta sehemu ya juu ya tairi kuingia ndani. Rimu ambayo ingechomoza kwenye gari la urefu wa kawaida inaweza kukaa vizuri kabisa kwenye lililoshuka. Ukipima mapema unapima gari jingine.

Sasa chomoa tairi moja, geuza rimu, soma maandishi nyuma ya miguu yake. Tuseme umekuta 18x8J na 45. Hiyo 8J ni upana kwa inchi. Hiyo 45 ni ofseti: milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapogusana na habu, kile kitovu ambacho rimu hufungwa. Watu wanaangalia 18 na kuishia hapo, wakati ofseti ndiyo inayoamua kama utalala na amani.

Hesabu yake haihitaji shule kubwa. Inchi 8 ni milimita 203.2, nusu yake 101.6. Toa 45, unapata karibu 57: hicho ndicho kipande kinachotoka nje ya habu. Jumlisha 45 badala ya kutoa, unapata karibu 147: hicho kinaingia ndani, kuelekea shokapu na wishiboni. Fanya hivyohivyo kwa rimu unayoitamani. 8.5J ya ofseti 38 inakupa 70 nje na 146 ndani. Kwa hiyo imesogea nje milimita 13, ndani karibu haijabadilika. Rimu nzuri hiyo. Chukua 9.5J ya ofseti 40: nje karibu 81, ndani 161. Imetoka nje milimita 24 na bado imesogelea shokapu kwa 14. Hapo ndipo mtu anaanza kununua spesa, sahani ya kuweka kati ya habu na rimu, ili isiguse ndani, na spesa inaisukuma nje zaidi, kisha anamtafuta fundi bodi wa kukunja ukingo wa madigadi. Hela ya rimu imeshapita mara mbili.

Kujua una milimita ngapi za kuchezea, funga nati kwenye uzi, shikiza uzi kwenye ukingo wa madigadi kwa utepe, uache uning'inie juu ya katikati ya tairi. Pima kutoka uzi hadi ubavu wa tairi. Ndani, ingiza kidole au kipande cha mbao kati ya tairi na shokapu. Mimi sitaki pabaki chini ya milimita 5. Halafu muombe muuza rimu akuazime moja yenye tairi uijaribu. Wengi wanakubali ukiacha dhamana. Ifunge mbele, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, sikiliza plastiki ya ndani. Ihamishe nyuma, na hapa nina kamchezo kangu: kanda unga wa ngano ukaze, bandika donge lake ndani ya ukingo wa madigadi, jaza watu, panda tuta polepole kwa upande. Ukirudi, donge linakuonyesha tairi lilifika wapi. Likiwa limekatwa laini kama kwa kisu, tairi lako nalo litakatwa, na utakuta unga mweusi wa mpira umeganda juu ya ukingo.

Tuje kwenye tairi lenyewe. 225/45R18 lina kimo cha karibu milimita 660. Usitoke nje ya asilimia mbili au tatu za hapo, la sivyo spidomita inaanza kudanganya. 245/40R18 ni 653, safi. 245/35R19 ni 654, safi pia. 225/40R19 ni karibu 663, inaingia ila itapunguza nafasi ya juu. 235/40R18 ni 645, nayo itashusha gari milimita nyingine 7 bila wewe kugusa springi. Kama bampa tayari linaburuza kwenye matuta, achana nayo. Na usidhani inchi 19 zitakupandisha juu. Kimo cha tairi kikibaki kilekile, gari linabaki palepale, unachopoteza ni ubavu wa mpira.

Huo ubavu ndio kinga yako. Kwenye 18 ya kiwandani una milimita 101, kwenye 245/35R19 una 86, kwenye 245/30R20 unabaki na 73 au 74. Wakati wa masika, shimo limejaa maji na hulioni, milimita 74 hazitoshi kulinda rimu yoyote. Mimi kwa Dar naishia 19, na gari langu lingekuwa Crown ningevaa 18 ya 8.5J na 245/40. Ndiyo, picha haitapendeza sana.

Angalia pia namba ya uzito ubavuni. 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615. Tairi nyembamba za kuvutwa kwenye rimu pana mara nyingi ni 88, yaani kilo 560. Usishuke chini ya 91, na kama una tairi la 93 au 95 la XL (lililoimarishwa kubeba uzito zaidi), chukua hilo.

Kama Crown yako ni GRS201 au 203, i-Four, yaani inayovuta kwa tairi zote nne, usifunge tairi za kimo tofauti mbele na nyuma. Zile gia za kugawa nguvu zitafanya kazi muda wote na zitakufa.

Mashimo ya nati ni 5x114.3, yaani matano kwenye duara la milimita 114.3, hilo wauzaji wote wanalijua. Wanalosahau ni tundu la kati: habu ya Crown ni milimita 60.1, rimu nyingi za kununua ni 73.1. Dai pete za kujaza pengo hilo, vinginevyo usukani unatetemeka ukifika kilomita 90 kwa saa na utalaumu balansi bure. Na nati za Toyota zenye kola bapa usizifunge kwenye rimu inayotaka koni. Nunua nati za koni, uzi 12x1.5.

Rimu za mitumba zungusha kwenye mashine ya balansi kabla ya kulipa, tupu, bila tairi. Pitisha kidole ndani ya pipa la rimu, ile duara ya ndani, ukitafuta mshono wa kuchomelewa. Ukiupata, rudisha.

Ukikaza, tumia spana ya kipimo, Nm 103, kwa mtindo wa nyota, gari likiwa limegusa ardhi. Baada ya kilomita 100 kaza tena, maana rangi mpya chini ya nati hukandamizwa na nati hulegea.