Majaruba ya ngazi ya Yuanyang: nenda yakiwa na maji

Majaruba haya ya Wahani, kabila la wakulima wa milimani, yako mkoani Yunnan, kusini-magharibi mwa China, na yamo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2013.

1. Msimu. Mpunga hulimwa mara moja kwa mwaka. Aprili na Mei hupandikizwa miche, Juni hadi Agosti ni kijani na mvua, Septemba mpunga huiva. Kuanzia Novemba hadi Machi kuna maji matupu, na huo ndio wakati wa kwenda, hasa Januari na Februari, kwa sababu maji ndiyo yanayochora umbo la kila jaruba. Wakulima huyaacha makusudi: tope likikauka, kingo hupasuka na jaruba huvuja. Wiki ya mwaka mpya wa Kichina iepuke, vyumba huadimika.

2. Usafiri. Shuka mji wa Xinjie, si Nansha. Zote mbili huitwa Yuanyang, ila Nansha iko bondeni, zaidi ya mita 1,000 chini. Lala kijiji cha Duoyishu.

3. Ukungu na mwanga. Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Ukungu hupanda kutoka bondeni na unaweza kufunika kila kitu siku nzima, kwa hiyo usiku mmoja hautoshi. Weka angalau mitatu. China nzima hufuata saa za Beijing, hivyo Januari jua huchomoza huku karibu saa 2 asubuhi. Fika mahali pa kutazamia saa 1, maana rangi nzuri huingia majini kabla ya jua lenyewe. Ukikuta weupe mtupu, usiondoke. Ukungu hufunguka ghafla, jaruba tano sita zinaonekana, kisha unajifunga tena, na picha iko katika dakika hizo chache. Duoyishu inatazama mashariki, ni ya asubuhi. Bada na Laohuzui, sehemu nyingine za kutazamia, ni za jioni. Ukizigeuza utapiga kivuli. Lenzi ya kuvuta mbali, ya mm 70–200, inafaa kuliko lenzi pana, ambayo hujaza picha anga na barabara. Kichujio cha poleraiza kivue: hufuta mwakisiko, nao ndio uliokuleta. Baadhi ya majaruba huwa mekundu. Ni mimea midogo inayoelea, si kasoro ya kamera.

4. Kutembea. Pita njia za mawe kando ya mifereji. Ukingo wa tope ukikanyagwa pembeni humomonyoka, na maji ya jaruba hilo huangukia la chini yake. Ukiteleza ukabomoa, mwite mwenye shamba mara moja. Tundu dogo huzibwa kwa tope, likiachwa hupanuka.