Somo: Kufikisha waifai chumba cha uani kwa ruta ya zamani

Nyumba yetu hapa Ntinda, Kampala, ni ya matofali ya kuchoma, na ofisi yangu ni chumba cha uani. Sebuleni, ilipo ruta (kisanduku kinachotoa waifai), intaneti inakimbia. Uani simu inaonyesha kijistari kimoja, kisha nacho kinapotea. Nilianza kwa kununua ripita, yaani kifaa cha kupokea waifai na kuirusha tena, ya kuchomeka ukutani, nikaichomeka hukohuko uani ambako hakukuwa na mawimbi ya kurudia. Hela ikaenda. Tena ripita za bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio ileile, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu.

Hatua ya 1. Sogeza ruta kwanza, ni bure. Itoe nyuma ya televisheni, iweke juu, mahali wazi. Zege lenye nondo, mabati, kioo cha kujitazamia na tangi la maji vyote hula mawimbi. Kati ya masafa mawili ya waifai, 2.4 GHz hupenya kuta vizuri kuliko 5 GHz.

Hatua ya 2. Haijatosha? Tafuta ruta ya zamani ya kutoa waifai huko uani, na waya wa mtandao wa aina ya Cat5e au Cat6, wa shaba halisi. Usipite mita 100.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hukwama. Unganisha kompyuta na ruta ya zamani peke yake, ufungue mipangilio yake. Kama anwani ya ruta kuu (ile ya sebuleni) ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2, hifadhi, ingia tena kwa anwani hiyo mpya, kisha zima DHCP, yaani kazi ya kugawia kila kifaa anwani yake. Ukiiacha, ruta zote mbili zitagawa anwani: teksi moja, makonda wawili, kila mmoja anauza kiti kilekile.

Hatua ya 4. Waya utoke tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani) la ruta kuu uingie tundu la LAN la ruta ya zamani. Lile la WAN (la kuingizia intaneti), ambalo mara nyingi lina rangi yake, liache tupu. Jina la mtandao na nenosiri viwe vilevile, ila chaneli (njia za mawimbi) za 2.4 GHz zitofautiane: moja 1, nyingine 6 au 11.

MASWALI

Jinja: Mwalimu, nikienda uani simu bado inang'ang'ania ruta ya sebuleni.
Jibu: Simu ndiyo inayoamua, ndugu yangu. Punguza kidogo nguvu ya kutuma ya ruta ya sebuleni. Kwa haraka, zima waifai ya simu uwashe tena.

Busia: Mwenye nyumba hataki kuona waya. Ripita haifai kabisa?
Jibu: Inafaa ukiiweka katikati ya njia, pale ambapo simu bado inashika vizuri. Usirudie kosa langu.

Arua: Umeme ukikatika je?
Jibu: Ruta zote mbili zinahitaji betri. Soma kibandiko chini ya ruta: nyingi ni volti 12, nyingine 9. Ukikosea volti utaiunguza.

Entebbe: Waya wangu utapita nje, na huku ziwani radi haziishi.
Jibu: Upitishe ndani ya bomba la plastiki kwa ajili ya jua na panya, lakini bomba halizuii radi. Hata ikipiga jirani, inaweza kuua matundu ya ruta. Mimi nikiona wingu jeusi nachomoa ncha zote mbili, hata kama niko katikati ya mkutano.