Kabla Hujaandika Jibu Refu: Rasimu Yako Inalala Wapi?

Mawingu yakijikusanya juu ya vilima vya Nandi alasiri, mtu wa Kisumu huanua nguo. Mimi hukimbilia kwanza maandishi yangu. Katika saiba moja pale Kondele nilimwandikia jibu, kwenye tovuti ya maswali na majibu, mtu aliyeuliza kwa nini programu yake inakwama, karibu saa nzima, huku chini ya kisanduku cha kuandikia pameandikwa kwamba rasimu imehifadhiwa. Stima ikapotea, ikarudi upesi. Kompyuta ilipowaka haikuwa na hata neno langu moja.

Ule ujumbe haukuwa uongo. Rasimu ilikuwa imehifadhiwa kweli, ila ndani ya kivinjari cha mashine ile, na saiba nyingi huwekea kompyuta zao programu inayofuta kila kitu zikizimwa. Kwa hiyo usiridhike kusikia kwamba tovuti inahifadhi rasimu. Ulizia inaihifadhi wapi. Baadhi huituma kwenye seva, yaani kompyuta ya tovuti yenyewe iliyo mbali nawe, kila baada ya muda fulani (WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, kwa kawaida hufanya hivyo kila sekunde 60). Nyingine huiacha kwenye kifaa ulichoshika, basi. Na ukitumia hali fiche (incognito), rasimu ya kifaani huondoka ukifunga dirisha.

Kujua ni rahisi, na hili ndilo ningependa ulifanye kabla ya aya ya kwanza. Andika sentensi moja ya ovyo. Subiri dakika mbili, funga ukurasa, ufungue tena. Sentensi ikirudi, chukua simu, ingia kwa akaunti ileile. Ikionekana na huko, iko kwenye seva, hata mashine ikiungua. Isipoonekana, ichukulie kuwa iko mikononi mwa stima.

Simu ina maudhi yake. Yenye kumbukumbu ndogo, ukitoka kidogo kujibu WhatsApp, inaweza kuutupa ukurasa ule na kuupakia upya ukirudi. Bando likiisha katikati, kuhifadhi kwenye seva nako husimama, mara nyingine kimyakimya. Nunua bando kwanza, ndipo uandike.

Usifungue swali lilelile katika kurasa mbili. Ukurasa wa zamani unaweza kuhifadhi maneno yake juu ya mapya.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, nakili maandishi yote. Ukikaa sana bila kutuma, tovuti huenda ikakutaka uingie upya, na si kila moja hukurudishia ulichoandika.

Kwa jibu la zaidi ya aya tatu, mimi siamini kisanduku chochote. Naandika kwingine, kisha nabandika. Lakini hata huko pana mtego: Word, isipobadilishwa, huweka nakala ya dharura kila dakika 10, na hizo zinatosha kupoteza aya mbili nzuri. Google Docs bila mtandao hufanya kazi, ila sharti uwe umeiwezesha mapema, mtandao ukiwapo.

Ukiwa saiba, ifute rasimu mwenyewe kabla hujainuka. Mashine haizimwi kila mteja akiondoka, na kutoka kwenye akaunti hakuifuti kila mara. Atakayekalia kiti baada yako akifungua ukurasa uleule, anaweza kukuta swali lako kuhusu deni la chama linamsubiri.