Kufunga injini na ekzosi ya kuchonga kwenye baiskeli

Ekzosi ndo inamvutia kila mtu ila kwenye kazi hii inafungwa mwisho kabisa, na ukishaifunga bado kuna kabureta inakusubiri. Naongelea zile injini ndogo za tustroki, za kuchanganya oil na petroli, ya 49cc au ile wanayoiuza kama 80cc wakati silinda yake ina kipenyo cha 47mm na pistoni inatembea 40mm, piga hesabu uone, hata 70 haifiki.

Kwanza breki. Kama za mbele na nyuma hazishiki vizuri zirekebishe kabla hujagusa injini.

Halafu kaa na sproketi ya nyuma, hapa usiwe na haraka. Zile bolti 9 zinazobana kwenye spoki kaza kwa kurukia upande wa pili, kidogo kidogo, kila raundi unazungusha tairi unaangalia kama sproketi inayumba, ikiyumba legeza bolti inayoivuta upande mmoja, manake cheni ikiruka ukiwa spidi inajikunja kwenye spoki na tairi inagoma hapo hapo. Injini ikae bapa kwenye fremu, sproketi zote mbili zinyooke kwa mstari mmoja, cheni uiachie ulegevu kama sentimita moja na nusu.

Sasa ekzosi. Ile yenye tumbo haipo kwa ajili ya kelele tu. Moshi ukitoka, wimbi lake linagonga sehemu inapoanza kusinyaa linarudi, linasukuma ndani mchanganyiko mbichi uliotaka kutoroka kabla tundu la kutolea moshi kwenye silinda halijafungwa. Ndo maana bomba refu linakupa nguvu injini ikiwa inazunguka taratibu na fupi linataka injini izunguke kasi kwanza. Mimi kwa baiskeli ya kuzungukia mtaani ningechukua refu. Na kabomba ka mwisho usikabane sana eti kapunguze sauti, joto linarudi kwenye pistoni.

Weka gasketi mpya, shika nati za flenji (pale bomba linapofungwa kwenye silinda) kwa mkono tu, zungusha pedeli raundi nzima uone mguu na krenki havigusi bomba, na mpira wa mafuta uwe mbali. Ukiridhika funga kishikio kwenye fremu, kiwe na mpira katikati, ndo urudi kukaza flenji. Ukianza na flenji halafu ukalivuta bomba kwa nguvu lifike kwenye kishikio, mtetemo utalipasua pale kwenye shingo. Na usikaze kama unafunga tairi la lori, silinda ni ya alumini, nyuzi zinang'oka kirahisi sana.

Kuhusu kabureta, bomba likipitisha vizuri injini mara nyingi inataka jeti kubwa zaidi, yaani katundu ka kupitishia petroli ndani ya kabureta. Piga mafuta mpaka mwisho kwa muda mfupi, zima ukiwa hapo hapo umebana klachi, fungua plagi uisome. Rangi ya chokoleti iko poa, nyeusi na mbichi inakunywa mno, nyeupe hiyo ni hatari, petroli haitoshi na pistoni itashika au kutoboka, ongeza jeti kabla hujaendelea.

Injini ikiwa mpya changanya 50ml za oil kwa lita moja na usiikimbize, na safari ya kwanza ikiisha subiri ipoe ndo upitie nati zote tena, za ekzosi zinalegea kabla ya zingine.