Somo: Kuvuka mapengo ya vilima kwenye bonde lenye msitu, kwa miguu au kwa baiskeli

Bonde lenye mto na msitu lina hila yake. Mto hujipindapinda, na njia ya ukingoni hufuata kila kona, kwa hiyo watu hukata mkato juu ya vilima, wakipita pale vilima viwili vinapoachiana nafasi. Nafasi hiyo ndiyo pengo tunalolizungumzia hapa. Ukiliangalia pengo moja peke yake halitishi. Kinachowamaliza watu ni kwamba wakishashuka la kwanza, la pili linaanzia chini tena.

Hatua ya 1: Jumlisha mipando

Mgeni wa vilima hutazama sehemu ya juu kabisa kwenye ramani. Anaona mita 750, ameanzia mita 400, anasema "mita 350 tu, mbona rahisi." Sasa tuseme unapanda kutoka 400 hadi 750, unashuka hadi 450 penye daraja, halafu unapanda tena hadi 750 kwenye pengo la pili. Miguu imepanda 350 na 300, jumla 650. Andika kila mpando peke yake, kisha ujumlishe. Usitoe mishuko, maana mshuko haurudishi nguvu ulizotumia.

Kwa wanaotembea kuna kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland, ya mwaka 1892. Kwa vipimo vya leo ni saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Safari yetu ikiwa ya kilomita 18, unapata saa 3 na dakika 36, ongeza saa 1 na dakika 5, jumla saa 4 na dakika 41. Humo hakuna mapumziko, hakuna picha, wala kumsubiri mwenzako anayefunga kamba za viatu. Mimi huongeza robo, na njia ikiwa ya matope na mizizi huongeza theluthi.

Kabla hamjaondoka, kubalianeni saa ya kugeuka. Ikifika hamjavuka pengo la mwisho, mnarudi. Chini ya miti giza huingia mapema kuliko kwenye uwanda, hasa jua likishajificha nyuma ya kilima.

Hatua ya 2: Isome ramani

Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, zikiwa za kila mita 20, na njia ikakata tano ndani ya sentimita 2 hizo, unapanda mita 100 kwa kilomita, yaani asilimia 10. Kwa miguu hilo ni la kawaida. Kwa baiskeli yenye mizigo ni kazi ngumu. Pengo lenyewe utalitambua kwa kontua zilizofunga duara pande mbili, kilima huku na kilima kule, na kontua zenye umbo la V zinazolielekea kutoka mabonde yote mawili.

Tahadhari na barabara za wavuna mbao. Ni pana, zinavutia, na nyingi huishia mahali walipokata miti. Upana wa barabara hauonyeshi kwamba inavuka.

Hatua ya 3: Gia kwa wenye baiskeli

Gia yako nyepesi kabisa ndiyo itakayoamua kama utapanda au utasukuma. Mbele meno 34 na nyuma meno 34, pedali ikizunguka mara moja gurudumu nalo huzunguka mara moja, karibu mita 2.1 kwa tairi la kawaida. Ukikanyaga mizunguko 50 kwa dakika, unakwenda kama kilomita 6 kwa saa. Chini ya hapo baiskeli huanza kuyumba na magoti hulalamika. Ukifika huko shuka usukume, wala si aibu. Sukuma ukiwa upande wa kushoto, mbali na cheni, na ubadilishe gia kabla mlima haujakukaba, maana cheni iliyobanwa kwa nguvu hukataa kuhama, na mara nyingine hukatika.

Hatua ya 4: Juu ya pengo

Pengo hukusanya upepo. Umefika ukiwa umelowa jasho, na hewa ya juu ni ya baridi zaidi, wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Vaa koti kabla hujakaa. Radi ikianza, hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo: kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, usingoje picha ya pamoja, shuka.

Hatua ya 5: Kushuka

Hapa ndipo ninapotaka mtulie, kwa sababu watu hudhani kazi imekwisha.

Kwa baiskeli, usining'inie kwenye breki mteremko mzima. Breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, huchemsha rimu, na joto likizidi tyubu inaweza kupasuka. Za diski nazo hupoteza nguvu zikichemka. Kamata kwa nguvu, punguza mwendo, achia zipoe, kamata tena. Ukisikia harufu ya kuungua, simama. Maliza kufunga breki kabla ya kona, si ndani yake. Kwenye kona, pedali ya nje iwe chini na uzito wako juu yake. Majani yaliyolowa huteleza kama sabuni, na mzizi uvuke kwa kuukata moja kwa moja, kwa pembe mraba. Ukiupitia kwa mshazari, gurudumu la mbele linaondoka.

Kwa miguu, kaza kamba za viatu sehemu ya juu ya wayo ili vidole visigonge mbele. Hatua fupi, magoti yaliyolegea kidogo, fimbo mbili kama unazo. Usikate kona za njia inayozungukazunguka: maji ya mvua hufuata mkato wako na kuugeuza mfereji.

Hatua ya 6: Vijito

Kijito kikiwa kimejaa na maji ni ya udongo, usivuke. Panda juu zaidi, mahali kilipogawanyika, kwani kila tawi lina maji machache. Ukivuka kwa miguu, fungua mkanda wa kiunoni wa begi na uelekeze uso kule maji yanakotoka. Ya kunywa, yachemshe yatokote dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000.

MASWALI

Mguu Mwepesi: Asante kwa somo, mkuu. Nikipotea msituni, si nifuate tu kijito mpaka mtoni?

Jibu: Karibu. Hapana. Kijito hakitafuti njia ya binadamu, hutafuta ya kushuka haraka: maporomoko, miamba, makorongo. Unaweza kujikuta huwezi kushuka wala kurudi. Rudi mpaka mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika, hata kama ni kupanda nusu saa.

Cheni Kavu: Kundi letu lina wa miguu na wa baiskeli. Tukutane juu ya pengo?

Jibu: Juu kuna upepo, atakayefika kwanza ataganda. Kutaneni chini, penye daraja baada ya mteremko. Wa baiskeli aanze nyuma au mbele, lakini asiwe katikati ya watembea kwa miguu njia ikiwa nyembamba, na yeye ndiye apishe. Angalieni pia kama njia inaruhusu baiskeli, maana sheria hutofautiana.

Dada wa Vilima: Simu yangu huonyesha nipo upande wa pili wa mto!

Jibu: Kuta za bonde huziba baadhi ya satelaiti, na miti hudhoofisha mawimbi yanayobaki. Simama mahali pa wazi, subiri dakika chache. Pakua ramani kabla ya safari, weka simu kwenye hali ya ndege ili isimalize chaji ikitafuta mtandao, na uwe na ramani ya karatasi na dira.

Tairi Nene: Mvua ikinyesha breki zangu za rimu hazishiki kabisa.

Jibu: Zinashika, ila zinachelewa: raba lazima zikaushe rimu kwanza. Anza kuzigusa mapema, mita nyingi kabla ya kona. Ukiona raba zimelika mpaka mistari yake imefutika, badilisha nyumbani, usisubiri mteremko wa pili.