Usipandishe max_connections, weka PgBouncer katikati

Wakuu, hii ni kwa mnaoendesha mifumo ya buking za safari hapa Arusha na Moshi, ile ambayo mwezi wa saba na wa nane wageni wakijaa PostgreSQL (database yenyewe, au Postgres kwa kifupi) inaanza kutema "too many clients already". Wengi wakiona hivyo wanapandisha max_connections, yaani kikomo cha koneksheni, toka 100 ya kawaida hadi 500, mi nasema hapana, kila koneksheni kwenye Postgres ni prosesi yake yenyewe inayokula ram hata ikiwa imekaa tu, na hizi seva za bei chee tunazokodi hazitoboi. PgBouncer ni programu inayokaa kati ya app na Postgres, inafanya kama bodaboda za kijiweni, koneksheni chache (ndo pool) ni pikipiki, app ni abiria kibao wanapokezana.

Piga sudo apt install pgbouncer, kisha fungua /etc/pgbouncer/pgbouncer.ini. Chini ya [databases]:

buking = host=127.0.0.1 port=5432 dbname=buking

Chini ya [pgbouncer]:

listen_port = 6432
auth_type = scram-sha-256
auth_file = /etc/pgbouncer/userlist.txt
admin_users = postgres
pool_mode = transaction
max_client_conn = 500
default_pool_size = 20

Kwenye userlist.txt weka jina la yuza na ile hashi yake ya SCRAM (nywila iliyofichwa) unayoikopi toka pg_shadow, orodha ya mayuza ndani ya Postgres, kila kimoja ndani ya alama za nukuu. Ristati, badilisha poti kwenye app iwe 6432, basi.

Sasa hapo kwenye pool_mode ndo pa kutulia. Ukiacha ile session inayokuja nayo, app ikishika koneksheni haiachii mpaka iondoke, kwa hiyo hujaokoa kitu. Transaction inairudisha kila muamala wa database ukiisha, ila vitu vinavyotegemea koneksheni ile ile, kama SET za sesheni, LISTEN (kusubiri taarifa) na advisory lock (kufuli) za sesheni, vitakuchanganya. Wanaotumia Django (fremuweki ya Python) weka DISABLE_SERVER_SIDE_CURSORS = True kwenye DATABASES. Migresheni (mabadiliko ya majedwali) na pg_dump (bakapu) zipeleke 5432, poti ya Postgres yenyewe, moja kwa moja, usibishane nazo.

Ikishatembea ingia psql -p 6432 -U postgres pgbouncer (huyo yuza naye awepo kwenye userlist) uandike SHOW POOLS; uangalie cl_waiting, idadi ya wateja wanaosubiri koneksheni. Ikipanda na kushuka haina noma, ikiganda juu usikimbilie kuongeza pool, kagua code ya app kwanza, mara nyingi kuna mtu kafungua muamala halafu humo humo ndani anasubiri jibu la malipo ya simu, sekunde 30 koneksheni imeshikwa bure. Itoe hiyo nje ya muamala.