Mambo ya kuzingatia kabla hujaenda kupiga picha nyani, tumbili na jamaa zao wote

Wadau, likizo inakaribia na najua wengi mmeshajipanga na kamera zenu, wengine simu tu, kwenda Manyara, msitu wa Jozani kule Unguja, Udzungwa, Gombe, wengine Diani huko Kenya. Safi sana. Ila soma haya kabla hujafunga begi, maana nimeona watu wanarudi bila lenzi na wengine na bandeji mkononi, na karibu yote yale yangezuilika usiku wa kabla ya safari.

Ya kawaida nayapitia haraka. Chaji betri zote, beba na ya akiba. Memori kadi isafishe nyumbani. Kama picha ni za biashara uliza kibali mapema, usisubiri kubishana getini. Droni iache nyumbani kama huna kibali chake. Flashi izime kabisa, na kwenye simu hakikisha haijakaa oto, maana hiyo huwaka yenyewe ukifika kwenye kivuli cha msitu na mnyama anashtuka, kundi zima linahama na wenzako walioamka saa kumi na moja wanabaki wanaangalia majani.

Lenzi inategemea unaenda wapi. Jozani kima punju, wale mbega wekundu wa Unguja, wamezoea watu, lenzi ya kuvuta ya milimita 70-300 inatosha kabisa, hata simu nzuri inakupa kitu. Udzungwa mbega wanakaa juu sana, huko bila 400 utarudi na picha za mikia. Msituni mwanga ni mdogo kwa hiyo usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, mpaka 3200, bora picha yenye chengachenga kuliko picha iliyotikisika, na spidi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, isishuke chini ya 1/500 ya sekunde, wakianza kuruka panda 1/1000. Mbega mweusi na mweupe anaichanganya kamera, ukiiachia iamue yenyewe yale manyoya meupe yanaungua yote, wewe punguza mwanga kidogo halafu weusi utauinua baadaye kwenye kompyuta. Aliyekaa juu na anga nyeupe nyuma yake muache kwanza, subiri ashuke au wewe zunguka mpaka upate majani nyuma yake. Fokasi ni kwenye jicho, siku zote jicho. Na kwa wanaolala hoteli zenye AC kule Unguja, kamera itoe nje nusu saa kabla ya kuanza, ikae ndani ya begi lililofungwa ipate joto taratibu, vinginevyo lenzi inajaa ukungu na hao kima wako mbele yako.

Soma pia tabia za unayemfuata. Kima punju mlo wake mkubwa ni majani, na majani yanachukua muda mrefu tumboni, kwa hiyo katikati ya mchana wanalala tu. Nenda asubuhi au jioni. Wale wanaokaa karibu na mashamba na nyumba za watu huwa wanakula mkaa, kweli kabisa, unasaidia kunasa sumu iliyomo kwenye majani wanayokula, na ukimpata ameshika kipande mkononi, mkono usio na dole gumba la maana, hiyo ni picha ambayo huhitaji kuieleza sana. Na ukiwa na gari barabara ya Jozani nenda taratibu, yale matuta yaliwekwa kwa sababu kima walikuwa wanagongwa sana pale.

Sasa chakula. Hapa naomba utulie nikusimulie.

Tulikuwa Manyara, watu kama wanane kwenye gari moja. Kabla ya geti tulisimama Mto wa Mbu, na ukisimama Mto wa Mbu unanunua zile ndizi nyekundu, kila mtu ananunua. Mwenzetu mmoja anayepiga picha za harusi alikuwa na kamera yake lakini lenzi kubwa alikuwa ameikodi, akachomeka ndizi mbili kwenye mfuko wa pembeni wa begi la kamera. Dereva akasema vyakula vyote viingie kwenye boksi lenye mfuniko, jamaa akaitikia "sawa kaka", begi likabaki na ndizi zake.

Tukafika sehemu ya kulia chakula. Nyani walikuwa mbali kidogo wanachokonoa nyasi, ungesema hawana habari na sisi, kumbe dume anaweza kukusoma muda wote bila kugeuza kichwa. Jamaa akaweka begi juu ya benchi, akageuka kurekebisha tripodi. Dume likaja mbio bila sauti yoyote, likapita katikati ya watu wazima, likashika mkanda wa begi. Jamaa naye akashika upande wa pili akavuta, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu nyani akishashika kitu kwake kile ni chake na wewe ndiye unayemnyang'anya. Likamng'ata chini ya kiwiko mara moja tu, akaachia, likaondoka na begi mpaka juu ya mti. Likakaa kwenye tawi linatoa kitu kimoja kimoja. Kitambaa cha kufutia lenzi likakinusa likakitupa. Kifuniko cha lenzi likakijaribu kwa meno likakitupa. Lenzi yenyewe ikashuka ikigonga matawi mpaka kwenye mizizi, ile sehemu inayoshika kwenye kamera ikang'oka. Ndizi ndio zikaliwa mwisho, likamenya vizuri kabisa huku linatuangalia.

Chonge za nyani dume zinaweza kufika karibu sentimita 5, na ule upande wa nyuma unajinoa kwenye jino la chini kila anapofunga mdomo, kwa hiyo jeraha lake linachana nyama. Tulimuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, yeye analia sisi tunaendelea, halafu moja kwa moja hospitali, akaanzishiwa chanjo ya kichaa cha mbwa na sindano ya pepopunda siku hiyo hiyo. Usidanganyike na kidonda kidogo, hata mkwaruzo unaoshwa hivyo hivyo na unapelekwa hospitali. Lenzi alikuja kuilipa kwa mafungu, harusi baada ya harusi.

Na yule nyani hakuzaliwa mwizi wa mabegi. Kuna watu walimtupia chakula kabla yetu, mmoja akataka picha ya karibu, mwingine akataka kumfurahisha mtoto. Ni kama ile barabara inayokatiza Mikumi, abiria wanarusha maganda na mahindi dirishani, nyani wanashinda pembeni ya lami wanasubiri, mwisho wanagongwa. Na nyani akishazoea kuvamia watu mara nyingi mwisho wake ni risasi. Kwa hiyo ile ndizi moja ya picha inaweza kumuua kabisa. Kima punju nao usiwape, tumbo lao ni la majani na matunda mabichi, tunda bivu lenye sukari linachacha tumboni na kuwaumiza.

Kwa hiyo kagua begi lote: biskuti, bigijii, karanga, hata losheni inayonukia matunda. Mfuko wa plastiki unaochakacha usiutoe, sauti ile wanaijua. Madirisha ya gari yapandishe mnaposhuka. Na akikishika kitu, ACHIA. Kamera utanunua nyingine.

Umbali: mita 7 ndio uwe mwisho wako kwa hawa wote, kwa sokwe angalau 10. Usimkazie macho dume, na kumbuka lile lenzi kubwa kwake ni jicho kubwa linamkodolea. Akipiga miayo anakuonyesha meno huku anakupepesea zile kope nyeupe, hiyo sio usingizi, ni onyo, rudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo. Usikae kati ya mama na mtoto, wala usimzibie njia ya kwenda kwenye mti.

Sokwe wa Gombe na Mahale wana la ziada. Barakoa unavaa, muda ni saa moja, na ukiwa na mafua HUENDI, hata kama umeshalipa boti na hoteli. Magonjwa yetu wanayapata, mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliua sokwe kadhaa Mahale. Inauma kupoteza pesa, najua, lakini wenyewe hawana hospitali.

Kwa wanyama waliofungiwa, kwanza uliza wamefikaje pale. Kuna sehemu kama Sweetwaters kule Ol Pejeta karibu na Nanyuki, ilianza 1993, sokwe waliookolewa wanatunzwa na hauruhusiwi kuwashika, hiyo nenda kwa amani. Kuna na mtu wa ufukweni mwenye tumbili kwenye kamba, anataka hela kidogo upige naye selfi. Usimlipe, na picha usipige. Wengi wa watoto wale huwa wamepatikana baada ya mama kuuawa. Biashara hii ni kubwa, mwaka 2016 tumbili 61 walikamatwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakiwa njiani kupelekwa Albania.

Kiufundi, banda lenye waya: sogeza lenzi karibu na wavu kadiri unavyoruhusiwa, chagua sehemu ya wavu iliyo kivulini, fungua tundu la lenzi liwe pana, f/4 au 2.8, subiri mnyama asogee mbali na waya wa upande wake, wavu unapotea wenyewe. Fokasi ya oto itang'ang'ania waya, weka nukta moja ya fokasi au zungusha lenzi kwa mkono. Kwenye kioo gusisha lenzi kwenye kioo na uizungushie kitambaa cheusi kuzuia mng'ao. Vidole visipite kwenye wavu. Na ukiposti andika wazi kwamba yuko bandani na bandani wapi, usikate picha ionekane ni porini.

Mengine: masika ya Machi mpaka Mei njia zina tope na utelezi, vaa viatu vya kushika. Angalia unapokanyaga na unaposhika, nyoka wapo. Maji ya kunywa beba. Ukienda na watoto washikwe mkono muda wote, wasikimbie wala kupiga kelele. Kipunji, aina ya nyani wa misitu ya Rungwe na Udzungwa, ni wachache sana, lokesheni izime kabla hujaposti. Na mkifika getini muulizeni mhifadhi kundi limelala upande gani na lina vichanga au halina, akijibu ndio muanze kutembea.